Manjano kwenye Nyumba ya Themostati

Gari yetu ilikuwa na harufu yake. Kila ikishapata moto, tukitoka mjini Unguja, karibu na Tunguu hivi, ilianza kunuka kama jiko la mchana, na mimi miaka yote nilijijulia sababu: ni vyakula. Kila wiki tulikuwa tukimpelekea mama yangu Bwejuu sufuria ya mchuzi, mara wa samaki, mara wa nyama, na sufuria ya mchuzi haikosi kumwagika kidogo njiani hata uifunge kwa kitambaa gani. Nilisugua mazulia ya gari ile kwa sabuni na ndimu mpaka vidole vikachunika. Harufu haikutoka. Mume wangu alikuwa akisimama pembeni akinitazama ninavyosugua, kisha anasema, "Wacha, bibi. Harufu ya chakula si uchafu."

Nilimwona mvivu tu, hataki kushika brashi.

Mama anakaa kwenye nyumba ile ile aliyoingia akiwa bi harusi. Miguu yake imechoka na macho yamepungua, lakini ulimi mzima na mikono mizima. Siku za katikati jirani yake humwangalia. Mwisho wa wiki ni zamu yangu kumkosha nywele, kumkata kucha, kumfulia na kumpikia. Kaka yangu, mkubwa wetu, anakaa Mwanakwerekwe kwenye nyumba nzuri ya matofali, na kwa miaka mingi amekuwa akitaka mama ahamie kwake. Simlaumu. Anaogopa kupigiwa simu aambiwe mama kaanguka chooni na hakukuwa na mtu wa kumwinua.

Lakini mama alishawahi kukaa Mwanakwerekwe, alipougua homa. Kila asubuhi alikuwa akimuuliza mke wa kaka bahari iko upande gani. Mke wa kaka, mwanamke mwema kabisa, akimuonyesha upande, na upande wenyewe ni ukuta wa jirani. Mama akirudi kulala. Chakula alikuwa akikionja tu na kusema kashiba. Siku aliyorudi Bwejuu alikula samaki changu mzima, akaomba na wali wa ukoko.

Baada ya hapo kaka alikubali mama abaki Bwejuu, ila kwa sharti, na alilisema mbele yangu na mbele ya mume wangu, kidole juu: "Madhali mna gari ya kumfikia kila wiki, mama na akae. Siku gari hiyo itakapokuacheni njiani, mama anakuja kwangu, na sitaki mjadala."

Mume wangu alicheka. "Haitotuacha, shemeji," akasema.

Na kweli haikutuacha. Gari ilikuwa ya zamani, imekuja kutoka Japani ishatumika na hapa ikatumika tena, lakini ilikwenda na kurudi wiki hata wiki. Tukifika, mimi naingia ndani kwa mama na ndoo ya maji, kisha natoka uani kufua. Mume wangu anabaki mbele, kafungua boneti, anachunguliachungulia. Nilidhani anapenda kuchezea gari tu, wanaume wengi wako hivyo.

Mume wangu alifariki mwaka juzi, asubuhi, akiwa anafunga vifungo vya shati. Kumbe presha alikuwa nayo siku nyingi, na vidonge alivificha kwenye mfuko wa koti asilolivaa ili mimi nisiingiwe na wasiwasi. Mpaka leo nikilikumbuka koti lile nakasirika kwanza, ndipo nalia.

Nikakaa eda. Gari ikasimama nje kule Malindi, mtaa wetu wa mjini, barabarani, kwa kuwa kichochoro chetu hakipitishi gari. Kaka alikuwa akija kila Ijumaa baada ya sala kuiwasha, ili betri isife. Mimi nipo ghorofani nyuma ya dirisha, naisikia injini inaguruma kule chini, naacha lolote ninalolifanya mpaka aizime. Nilikuwa nausubiri mlio ule, na ukishakuja naumia. Kwa mama walikuwa wakienda jirani na kaka mwenyewe, kwa kubahatisha, na kila nilipoongea na mama kwa simu sauti yake ilikuwa imepungua.

Eda ilipokwisha, safari yangu ya kwanza ilikuwa Bwejuu. Nilipita Tunguu, nikapita Jozani chini ya miti, na nilipokaribia njia panda ya Kitogani nikaona mshale wa joto umepanda mpaka kwenye wekundu. Moshi mweupe ukatoka chini ya boneti. Nikaegesha pembeni, nikashuka, nikasimama mbali nayo kama niliyefukuzwa. Ikanguruma yenyewe kidogo baada ya kuzimwa, kisha maji yakaanza kumwagika chini, tena ya rangi ya chai mbovu. Wanawake wawili waliokuwa wakiuza embe njiani wakanipa maji ya kunywa na pole. Nilipokea pole ile nikalia, na wao wakadhani nalilia gari.

Gari ikavutwa kwa kamba mpaka Mwanakwerekwe. Kaka alikuja akaizunguka, hakupiga kelele. Ningependa apige kelele.

"Basi," akasema. "Jumapili nakwenda kumchukua mama."

"Nipe mpaka hiyo Jumapili," nikamwambia. "Naipeleka kwa fundi. Na wewe mwenyewe utapanda tukaende. Ikichemsha hata mara moja, mchukue mama na gari iuze."

"Na isipochemsha?"

"Ufunge mdomo."

Akacheka kwa pua. Alikubali kwa sababu alikuwa na hakika itachemsha.

Fundi niliyempata gereji yake iko nyuma ya soko, chini ya mabati. Wazee wake walitoka bara, yeye kazaliwa hapa hapa, na Jumapili anaimba kwaya kanisani. Hata akiwa chini ya gari anaimba, sauti nzito inatoka kwenye matairi. Nilimfikia Ijumaa, wakati wanaume wengi wameshaelekea msikitini, na gereji ilikuwa imetulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gari inachemsha. Naitaka Jumapili."

"Mama, hujaniambia hata hujambo."

"Hujambo? Naitaka Jumapili."

Akafungua boneti, akainama, na badala ya kutazama akanusa. "Ulibeba pilau humu?"

"Huo mchuzi wa mama yangu. Unamwagika kiti cha nyuma."

"Wa nyuma utanukaje mbele?" akasema, lakini hakungoja jibu, akaanza kazi. Akakagua rejeta, akabana mipira ya maji kwa vidole kutafuta iliyolainika, akazungusha feni kwa mkono. Kisha akatia maji, akawasha injini, akasimama na tochi yake akimulika mahali pamoja tu.

Pale mpira mkubwa wa maji unapoungana na injini pana kikombe cha aluminiamu kilichokazwa kwa bolti. Fundi alikiita hausingi. Mume wangu alikuwa akikiita nyumba ya themostati, kwa sababu themostati mwenyewe anakaa ndani yake, kidude chenye springi kinachofunga na kufungua mlango wa maji. Injini ikiwa baridi kinafunga, ili ipate moto wake. Ikishapata, kinafungua maji yaende kwenye rejeta kupoa. Nayajua haya si kwa kusoma. Nimekaa kiti cha abiria miaka mingi na mtu aliyekuwa hawezi kunyamaza juu ya gari yake.

"Ona," fundi akasema. Ukingoni mwa kile kikombe palikuwa na magamba, meupe kwa juu na manjano kwa chini, na kitone cha maji kikawa kinachomoza polepole, kinadondoka juu ya injini ya moto na kukauka hapo hapo. Harufu ikapanda. "Hausingi imeoza. Tutaivua tuone."

Akaiacha injini ipoe, akakinga ndoo, akamwaga maji, akautoa mpira. Bolti ya kwanza ilitoka. Ya pili iligoma. Akaitia mafuta, akaigongagonga kichwa kwa nyundo ndogo, akaiacha, akaimba ubeti mzima, akairudia. Aliniambia ikikatikia ndani ya injini basi Jumapili niisahau. Nilikuwa nimekaa juu ya tairi kuukuu, nikasoma kila dua niliyofunzwa chuo cha Kurani, na nyingine sikuikumbuka mwisho wake nikaibuni. Bolti ikalia, ikageuka.

Alipokibandua kile kikombe, ndani kulikuwa na tope la manjano. Si kutu, kutu naijua. Lilikuwa limeshikana kote kote, limemfunika themostati mpaka springi hazionekani. Fundi akalichota kwa kidole, akanusa, akanitazama.

"Mama, humu kuna mtu kapika."

Nikainama na mimi nikanusa. Manjano. Manjano ya jikoni, ya kutwanga.

Hapa kwetu si jambo geni. Rejeta ikivuja, wapo wanaotia ute wa yai, wapo wanaotia pilipili manga ya unga, na wapo wanaotia manjano. Unga unatembea na maji, unaukuta ufa, unavimba pale pale na kuziba, na mtu anafika kwake. Ni dawa ya njiani. Ukiifanya ya kila siku, unga huo huo unakwenda kuziba na pasipotakiwa.

"Huyu hakutia mara moja," fundi akasema akikwangua kwa bisibisi. "Huyu kazoea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema uzibe kwa mchuzi."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nishapata mtu wangu. Nani alikuwa na ufunguo wa gari miezi yote ya eda? Nani alikuwa akifungua boneti kila Ijumaa mimi nikiwa ndani siwezi kutoka? Na nani anayetaka gari ife ili mama ahame? Kikulacho ki nguoni mwako. Nikangoja mpaka watu watoke msikitini, nikapiga simu.

"Naam," kaka akaitikia.

"Umetia nini kwenye gari yangu?"

"Maji."

"Na nini?"

"Maji tu, bibi weye. Ya kisima chenu cha uani, nlichota mwenyewe kwa ndoo. Kila nkifungua naona yamepungua, nkiongeza."

"Na manjano?"

"Manjano ya nini? Gari inaumwa tumbo?"

"Usinifanyie mzaha. Umeiziba makusudi ili mama umpeleke unakotaka wewe."

"Wallahi, mie manjano hata jikoni yanakaa wapi siyajui! Muulize mke wangu!"

Hilo lilikuwa kweli tupu, mtu huyu chumvi yenyewe anaitafuta kwenye kopo la sukari. Lakini hasira haina masikio. Nikamkatia simu.

"Kasema maji ya kisima?" fundi akauliza. "Cha huko mjini? Yale maji yana chumvi, mama. Ukiyaacha yakae kwenye aluminiamu, yanaitafuna. Kaka yako naye kaila hausingi kwa upande wake."

Kisha akamng'oa themostati, akamrusha kwenye debe la takataka, akajifuta mikono. "Nitakutafutia hausingi. Huyu hatumrudishi. Nchi yenyewe jua kali, kidude cha kupasha moto injini cha nini? Gari zote ninazotengeneza hapa nnatoa."

Mume wangu alikuwa amegombana na nusu ya mafundi wa Unguja kwa maneno hayo hayo. Nikajikuta nimesimama, mkono kiunoni, nayasema yale yale yake: kwamba injini isiyopata moto wake inakula mafuta na inajila na yenyewe, kwamba waliomtia themostati pale si wajinga, na kwamba kama anataka kunitolea kitu kwenye gari, anitolee yale magamba. Sauti ilikuwa yangu lakini maneno hayakuwa yangu hata moja.

Fundi alinisikiliza mpaka mwisho. "Haya, mama. Tutamtia mpya. Mafuta ni yako."

"Injini pia ni yangu."

Hausingi niliifuata mwenyewe, kwenye duka la spea la mzee mmoja wa Kihindi, si mbali na Darajani, ambaye mume wangu alikuwa akimpotezea mchana mzima. Alinipa pole ya msiba kwanza, kwa utulivu, mkono kifuani. Halafu akatoa hausingi tatu za mtumba kutoka kwenye boksi, akazilaza moja moja kifudifudi juu ya kioo cha kaunta na kuzisukuma kwa kidole. Ya kwanza ilicheza. Ya pili ilipitisha mwanga ukingoni. Ya tatu ilikaa kimya.

"Ona, haichezi," akasema. "Uso wake umenyooka. Chukua hii, na gasketi mpya, na themostati huyu. Lakini kampime."

"Najua," nikasema.

Najua kwa sababu mume wangu alikuwa akiwapima kwenye jiko langu, ndani ya sufuria yangu ya chai, nami nikimpigia kelele. Jumamosi asubuhi nilifanya mwenyewe. Nikafunga uzi kwenye themostati, nikamning'iniza kwenye maji asiguse chini ya sufuria, nikawasha gesi. Nilisimama pale peke yangu jikoni. Maji yakaanza kutoa vipovu vidogo, na yeye amefunga. Yakaanza kutikisika, amefunga. Kidogo kabla ya kuchemka kabisa, mlango wake ukaachia, ukasogea polepole mpaka ukawa wazi, nikauona mwanya. Nikazima gesi. Maji yalipopoa akajifunga tena mwenyewe. Nikavuta kiti, nikakaa, nikamwambia mume wangu kwa sauti kwamba sufuria nimeitia chumvi na ndimu, isipotakata nitamdai.

Mchana fundi aliifunga hausingi. Alisugua uso wa injini kwa msasa mpaka ukang'aa, akasafisha njia za maji mpaka yakatoka meupe, akamkalisha themostati na kile kitundu chake kidogo kikielekea juu ili hewa ipate pa kutokea. Akalaza gasketi, ile karatasi ngumu ya kuzuia maji yasivuje, akaweka hausingi, akakaza bolti hii kidogo, na ile kidogo, akirudiarudia, bila ya kutumia nguvu. Akatia maji ya rejeta ya dukani, yale ya kijani, na kuniapisha kwamba kisima chetu sasa ni cha kuoshea miguu. Injini ikawaka, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, hewa ikitoka kwa povu. Tulingoja. Mpira wa juu ulikuwa baridi, baridi, kisha ghafla ukawa wa moto chini ya kiganja changu. Themostati alikuwa amefungua.

"Kwenda na kurudi salama," fundi akasema. "Na unga wowote ukae jikoni."

Jumapili kaka alipanda, akafunga mkanda, akakunja mikono. Hatukusalimiana vizuri. Hakutazama njia hata kidogo, alitazama mshale wa joto. Tunguu, mshale katikati. Jozani, katikati. Nilipofika Kitogani mikono yangu ilikuwa imelowa jasho kwenye usukani, na nikagundua kaka naye kaacha kukunja mikono, kashika magoti yake. Mshale haukusogea. Wale wanawake wa embe wakanipungia, sikuthubutu kuondoa mkono kuwapungia.

"Bado kurudi," kaka akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayetaka kupingwa.

Mama alikuwa amekaa ukumbini karibu na mlango, kavaa buibui lake, na miguuni pake furushi limefungwa kwa kanga. Kaka alikuwa kampigia simu ajiweke tayari kwa lolote. Alikuwa mdogo kwenye kiti kile, na mikono yake ameiweka juu ya fundo la furushi ili lisimtoroke.

"Shikamoo, mama," tukasema.

"Marahaba. Mmechemsha?"

"Hatukuchemsha," nikasema.

"Hata kidogo?"

Nilimwacha kaka ajibu. "Hata kidogo, mama."

"Alhamdulillahi," mama akasema. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni lake, akapapasa, akanitolea kifurushi cha karatasi kilichosokotwa juu. "Basi chukua, ya kurudia."

"Nini hii?"

"Manjano ya gari. Marehemu alikuwa haondoki hapa bila ya kifurushi chake. Weye ukiwa uani unafua, yeye anakuja hapa ananong'ona, 'Mama, dawa.' Nkimpa. Nimekuwa nkitwanga miezi yote hii, nlijua utakuja kuitaka."

Nilikishika kifurushi kile, nikakinusa.

"Alikwambia ya nini?" kaka akauliza.

"Kanambia gari ina ufa. Nkamwambia ipeleke kwa fundi. Akasema ikienda kwa fundi italala huko, na wewe utajua, na mimi ntahamishwa. Kila mara akisema ntaitengeneza ukipatikana upenyo. Basi tukaficha." Mama alinyoosha shingo kuelekea sauti ya kaka. "Hatukukudhulumu kitu, mwanangu. Nlitaka kufia hapa tu."

Kuku alipita mlangoni akatutazama akaendelea. Nilimkasirikia mume wangu pale pale, kama ninavyolikasirikia koti: kwa nini kila ugonjwa aufiche, wa gari na wa kwake? Kisha nikamwona ameinama mbele ya boneti, mimi nikiwa nafua nyuma ya nyumba, anamimina unga wa mama kwenye rejeta kwa uangalifu, wiki hata wiki, ili mama yangu alale kitandani pake. Si mama yake. Wangu. Nililia bila ya kujificha.

Kaka akapiga magoti sakafuni. Nilidhani anataka kumshika mama miguu. Akalifungua lile fundo, akatoa kanga moja, akaikung'uta, akainuka nayo kuelekea kabatini.

"Hii inakaa wapi, mama?"

"Juu. Chini ya ile ya buluu. Si hapo, huko ni kwa mashuka."

Akazipanga zote, mama akimuelekeza kwa macho yake yaliyopungua. Nilimfuata kaka nikamwomba radhi kwa maneno niliyomwambia kwenye simu. Akaendelea kukunja.

"Mie nimetia maji ya chumvi," akasema, "yeye katia manjano. Ilibaki nazi tu."

Mama alicheka mpaka akakohoa, na siku ile alikula.

Tulirudi alasiri. Kaka alisinzia kabla hatujafika Jozani, kichwa kwenye kioo, mshale umebaki peke yake. Mimi nilikuwa nasubiri kitu na sikujua ninasubiri nini mpaka tulipofika Tunguu. Injini ilikuwa imepata moto wake, gari inakwenda vizuri kuliko siku zote, na ndani yake hakuna harufu yoyote. Nikavuta pumzi tena. Hakuna. Miaka yote nilikuwa naisugua kwa sabuni na ndimu, na sasa fundi ameimaliza kwa msasa kwa mchana mmoja.

Nikaegesha. Kaka akazindukana. "Imechemsha?"

"Lala," nikamwambia.

Nilikitoa kile kifurushi kwenye mkoba, nikakifungua mdomo, nikakiweka kwenye droo ya dashibodi na kuifunga. Injini haitaki tena unga wowote, fundi kasema, na mimi siitilii hata chembe. Lakini nikiingia mchana, jua likiwa limepiga kwenye kioo, gari inanukia. Nakaa kidogo kabla sijaiwasha, kisha nakwenda kwa mama.